Lisha Maji Kwanza: Kurutubisha Bwawa la Samaki Meru na Embu

Ukisimama ukingoni mwa bwawa lako na ukaweza kuhesabu mawe yaliyo chini, usijisifu kwamba una maji safi. Maji maangavu yanawafaa watu, na yanamfaa trauti wa mito ya juu ya Mlima Kenya. Kwa tilapia ni maji yasiyo na chakula. Mfugaji mwenye bwawa la namna hiyo atanunua chakula cha dukani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na hesabu yake ya faida itamshinda kabla samaki hawajafika uzito wa kuuzwa.

Jambo hili limewagharimu wengi katika kaunti hizi mbili. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kuchochea uchumi uliochimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140 yaliyochaguliwa nchini. Kila bwawa lilikuwa na ukubwa wa mita 300 za mraba na lilipewa vifaranga 1,000. Meru na Embu zilikuwemo, na Kanyakine, Imenti Kusini, kukajengwa hata kiwanda kidogo cha kusindika samaki. Mabwawa mengi ya mpango ule yaliachwa msaada ulipokwisha, na sababu iliyotajwa sana ni bei ya chakula. Baadaye ulikuja mpango mwingine wa ufugaji samaki wa kibiashara, uliofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) pamoja na serikali katika kaunti 15, Meru na Embu zikiwa miongoni mwake. Mipango hupita, lakini zizi la ng'ombe na banda la mbuzi viko pale pale nyuma ya nyumba, na humo ndimo chakula cha kwanza cha samaki kinamotoka.

Kwa kuwa mabwawa ya mita 300 za mraba ndiyo yaliyozoeleka huku, hesabu zote hapa nimezipiga kwa ukubwa huo. Lako likiwa la mita 150, gawanya kwa mbili.

Mbolea humlisha nani?

Si samaki. Mbolea hulisha mwani mdogo usioonekana kwa macho, ule unaoyapa maji rangi ya kijani ukishakuwa mwingi. Mwani huo huliwa na vijidudu vya majini, na tilapia huvichuja vyote viwili. Ni kama unavyotia samadi kwenye nepia ili ng'ombe akupe maziwa. Zaidi ya chakula, mwani hutoa oksijeni mchana kutwa, na huweka kivuli kinachozuia magugu kuota chini ya bwawa. Ndiyo maana bwawa lisilorutubishwa, na hasa lenye kina kifupi, ndilo linalojaa magugu na nyuzi za kijani zinazonasa kwenye wavu.

Kambale ni habari nyingine. Akiwa mdogo atakula vijidudu hivyo, lakini akikua anataka chakula chenye protini nyingi, na rangi ya maji haimshibishi. Ukifuga kambale peke yake, mwongozo huu utakusaidia wiki chache za mwanzo tu.

Funga mfereji kabla ya kufungua gunia

Hapa ndipo ninapotofautiana na wafugaji wengi wa pande za Imenti, Manyatta na Runyenjes, kwa sababu huko maji ya mteremko hayana shida. Mtu huchepusha maji ya mfereji au bomba la mradi, yakaingia upande huu na kutokea upande ule, usiku na mchana. Anaamini maji yanayotembea ndiyo yenye afya. Kwa trauti, ni kweli. Kwa bwawa la tilapia linalotegemea mbolea, kila unachoweka Jumatatu kimeshafika kwa jirani wa chini Jumatano. Tena maji ya mto kutoka mlimani ni ya baridi, na kila yanapoingia yanashusha joto la bwawa.

Basi jaza bwawa, funga. Ongeza maji ya kufidia yaliyokauka na yaliyopenya ardhini, hayo tu. Bwawa likishuka kwa kasi kiasi kwamba huwezi kufunga mfereji hata siku mbili, lina mvujo. Shughulikia mvujo huo kwanza, kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri au kwa karatasi ya plastiki, ndipo ufikirie mbolea. Kumbuka pia kwamba kuchota maji ya mto kwa bwawa kunataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Na chimba mtaro wa kukinga maji ya mvua upande wa juu. Udongo mwekundu ukiingia bwawani wakati wa masika, maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, mwanga haupiti, na mwani hauoti hata ukimwaga mbolea yote ya agroveti. Panda nyasi kwenye kingo.

Chokaa ndiyo hufungua njia

Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya, hasa ukanda wa chai na kahawa, una asidi. Una chuma na alumini kwa wingi, na madini hayo hushika fosforasi na kuifungia kwenye tope. Maji ya mito yetu nayo ni mepesi, yana chumvichumvi kidogo. Matokeo yake ni kwamba watu wawili wanaweza kuweka mbolea kiasi kile kile, mmoja Mbeere kwenye udongo usio na asidi kali, mwingine Kianjokoma kando ya chai, wa kwanza akapata maji ya kijani baada ya wiki moja na wa pili asipate kitu.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ile ya kusaga mawe inayouzwa kwa wakulima wa mahindi. Bwawa likiwa kavu, tandaza gramu 200 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 60 kwa bwawa letu, sakafuni na kwenye kuta za ndani. Ukanda wa chai unaweza kuhitaji maradufu, kwa hiyo pima asidi ya udongo ukipata nafasi. Ichanganye kidogo na udongo kwa jembe au reki, kisha jaza maji. Usichukue chokaa ya kuchomwa, ile ya kupaka ukuta, ukadhani ni kitu kimoja: hiyo ni kali, na ukiitia kwenye bwawa lenye samaki inaweza kuwaua.

Acha wiki moja au mbili kati ya chokaa na mbolea ya DAP. Zikikutana mapema, kalisi ya chokaa hukamata fosforasi ya DAP na kuizamisha, nawe umelipia vitu viwili vilivyoharibiana.

Samadi

Kipimo cha samadi ya ng'ombe au mbuzi ni gramu 50 za samadi kavu kwa mita ya mraba kila wiki, yaani kilo 15 kwa bwawa zima. Ya kuku ina nguvu zaidi, kwa hiyo anza na nusu ya hapo. Usikisie. Peleka ndoo yako kwenye mizani mara moja, jua inabeba kilo ngapi za samadi yako, kisha iwekee alama kwa rangi. Baada ya hapo mtoto yeyote wa nyumbani anaweza kufanya kazi hiyo.

Samadi isitupwe katikati ya bwawa ikaenda kuoza sakafuni. Jenga uzio mdogo wa fito kwenye kona moja, fito zikiwa zimebanana lakini zinapitisha maji, uweke samadi humo na kuikoroga kwa mti kila siku mbili. Njia nyingine ni gunia la nyuzi lililotobolewa, limefungwa kwenye nguzo likaning'inia ndani ya maji, nawe unalitikisa unapopita. Gunia lina faida kubwa kuliko uzio: siku mambo yakiharibika unalitoa, na mbolea imekoma. Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri wanaoanza kujenga banda la kuku juu ya bwawa, japo picha yake huvutia. Kuku hawasubiri uwaambie maji yameshatosha.

Chunga asili ya samadi. Ya kuku wa nyama mara nyingi imejaa maranda, ambayo huoza polepole na kula oksijeni. Mavi mabichi ya ng'ombe kwa wingi huyapa maji rangi ya hudhurungi inayozuia mwanga, kwa hiyo yaanike kwanza. Ng'ombe aliyeogeshwa dawa ya kupe juzi, samadi yake iache nje kwa muda. Na katika kaunti za miraa na muguka ni lazima nilitaje hili: mabaki ya mashamba yaliyopuliziwa dawa ya wadudu hayaingii bwawani, wala pampu ya kupulizia haioshwi kando yake. Dawa nyingi za wadudu, hasa jamii ya pairethroidi, huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Maganda mabichi ya kahawa nayo peleka shimo la mboji. Yakianza kuoza ndani ya maji, oksijeni inakwisha.

DAP na yurea

Kama huna mifugo, au samadi yako yote imekwenda kwenye migomba, tumia mbolea ya dukani. Kipimo kinachotumika sana Kenya ni gramu 2 za DAP na gramu 3 za yurea kwa mita ya mraba kila wiki. Kwa bwawa la mita 300 hiyo ni gramu 600 za DAP na gramu 900 za yurea, jumla kilo moja na nusu. DAP inaleta fosforasi pamoja na naitrojeni kidogo, yurea ni naitrojeni tupu. Ukichanganya na samadi, punguza kila upande kwa nusu.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo mbolea nyingi hupotelea. Punje za DAP ni nzito na haziyeyuki haraka. Ukizirusha kwa mkono kama unayepanda mahindi, zinazama moja kwa moja hadi kwenye tope, na tope jekundu linaimeza fosforasi kabla mwani haujaionja. Mbolea ya bwawa huyeyushwa kwanza. Jioni chukua ndoo ya lita 20, tia gramu 600 za DAP, jaza maji robo tatu, koroga, funika, acha ilale. Asubuhi utakuta maji ya rangi ya kijivu na masalia laini chini. Koroga tena. Yurea iongeze asubuhi hiyo hiyo, maana yenyewe huyeyuka upesi. Usishtuke ndoo ikipoa ghafla mkononi mwako, yurea hufyonza joto inapoyeyuka. Mwaga mchanganyiko huo kwa kikombe ukizunguka bwawa, ukianzia upande upepo unakotoka ili upepo ukusaidie kusambaza.

Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, siku ya jua. Alasiri haifai, hasa kwenye maji yaliyokwisha kuwa ya kijani: mwani ukifanya kazi mchana kutwa hupunguza asidi ya maji, na katika hali hiyo amonia inayotokana na yurea huwa sumu kwa samaki.

Mbolea ya CAN sijaitaja kwa makusudi. Haina fosforasi, na fosforasi ndiyo inayokosekana mara nyingi kwenye maji yetu.

Mkono ndio mizani

Vipimo vya hapo juu ni vya kuanzia. Anayeamua kama wiki hii utaweka mbolea au utaacha ni maji yenyewe, na kuyauliza hakuhitaji kifaa. Saa tano au sita mchana, jua likiwa juu, simama pasipo kivuli chako, kunja kiganja kwenye kifundo kiangalie juu, kisha zamisha mkono wima polepole. Angalia maji yamefika wapi kiganja kinapopotea machoni. Kikipotea maji yakiwa kwenye kiwiko, sentimita 25 hadi 30 hivi, bwawa liko sawa. Endelea na kipimo cha kawaida au nusu yake. Kikipotea hata kabla ya katikati ya kigasha, usiweke chochote wiki hiyo. Kama maji yamepita kiwiko yanakaribia kwapa na bado unaviona vidole, maji yana njaa.

Wasiopenda kulowana watengeneze kipimo kwa kifuniko cheupe cha ndoo kilichopigiliwa kwenye ufito wenye alama za sentimita.

Ila hakikisha kinachoficha mkono ni mwani, si udongo. Chota maji kwenye glasi, yaweke dirishani hadi kesho. Tope litatua chini na maji yatabaki meupe juu, ilhali kijani cha mwani kitabaki kimeenea kwenye glasi. Ukikuta tope, rudi kwenye mtaro na nyasi za kingo, mbolea isubiri.

Bwawa jipya, baada ya chokaa na kujaza, hupewa mbolea na kuachwa wiki moja au mbili hadi kiganja kipotee kwenye kiwiko. Hapo ndipo unakwenda kuchukua vifaranga, iwe ni kituo cha Sagana kule Kirinyaga, kilichoanza mwaka 1948, au kwa mzalishaji mwingine unayemwamini. Kuweka vifaranga kwenye maji maangavu ni kuwaanzisha kwa njaa, na isitoshe ndege mdiria anawaona vizuri kutoka juu.

Julai

Kati ya Juni na Agosti mawingu hukaa chini, manyunyu hayakatiki na jua linaweza kupotea siku kadhaa. Mwani unahitaji mwanga, na tilapia hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na kuendelea. Chini ya nyuzi 20 anapunguza kula. Mbolea unayoweka katika siku hizo haitumiki. Inasubiri, na jua likirudi kwa nguvu mwani unalipuka wote kwa pamoja. Pima kwa mkono kila wiki, weka nusu au acha kabisa, na samadi ndiyo ya kwanza kuachwa kwa sababu inaoza hata pasipo jua. Mfugaji wa Kiritiri au Mitunguu, kwenye joto, hataona tofauti kubwa. Wa juu ya mji wa Meru ataiona. Aliye karibu na msitu, ambako maji ni baridi mwaka mzima, afikirie trauti na aachane na habari za kijani.

Samaki wakija juu alfajiri

Usiku mwani hautoi oksijeni, unaitumia kama samaki wanavyoitumia. Maji yakizidi kijani, oksijeni huisha karibu na mapambazuko, nawe utawakuta samaki wamejipanga juu ya maji vinywa wazi. Wakizama jua likishapanda, umepewa onyo. Wakibaki juu hadi saa tatu, una dharura.

Toa gunia la samadi. Usiwape chakula siku hiyo, kwa sababu kusaga chakula kunatumia oksijeni. Fungua mfereji ule uliofunga, maji yaingie kwa kurushwa kutoka juu ili yapige uso wa bwawa. Kama bomba lako la kutolea maji linachukua ya chini, toa ya chini, ndiyo mabovu zaidi. Ukiwa na pampu, chota na kurudisha kwa kunyunyiza. Baada ya hapo kaa wiki mbili bila mbolea, na uanze tena kwa nusu.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo: maji ya kijani kibichi yanageuka ghafla rangi ya kahawia au kijivu na kutoa harufu. Mwani wote umekufa kwa pamoja na sasa unaoza. Hatua ni zile zile, ila zichukue bila kungoja asubuhi.

Mabwawa ya plastiki, na tangi la kioo

Bwawa lililotandikwa plastiki halina tope la kumeza fosforasi, kwa hiyo DAP hudumu zaidi ndani ya maji. Anza na nusu ya kipimo. Samadi yenyewe ipunguze sana, na iwe kwenye gunia, kwa sababu uchafu ukitua juu ya plastiki hubaki hapo unaoza.

Kwa aliye na tangi la kioo sebuleni mjini Embu au Meru, lenye mimea hai na samaki wachache wa mapambo, neno moja: usilete DAP wala yurea ndani ya nyumba. Lita 60 za maji hazivumilii amonia. Kinyesi cha samaki kwa kawaida kinatosha kuipa mimea hiyo naitrojeni. Kinachopungua kwenye maji yetu mepesi ni potasiamu, magnesi na chuma, na majani ndiyo husema: vitundu vyenye ukingo wa manjano kwenye majani ya zamani huashiria potasiamu, machipukizi yaliyopauka huashiria chuma. Tafuta mbolea ya majini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, anza na nusu ya kipimo cha chupani, na badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yakiwa na klorini, yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha kwanza.

Kuelekea kuvuna

Rutuba peke yake haitawatosha samaki 1,000 hadi mwisho. Miezi miwili au mitatu ya mwanzo maji ya kijani hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Samaki wakishazidi ukubwa wa kiganja, ongeza pumba na chakula cha dukani hatua kwa hatua, na kadiri chakula kinavyoongezeka punguza mbolea, kwa sababu mabaki ya chakula na kinyesi tayari ni mbolea. Endelea kupima kwa mkono.

Wiki mbili kabla ya kuvuna, acha samadi kabisa. Samaki wenye harufu ya tope huwekwa siku chache kwenye maji safi yanayotiririka kabla ya kwenda sokoni, na hapo mfereji wako unapata kazi inayoufaa.

Ukishakausha bwawa, chota tope laini la juu, lile jeusi, ulipeleke kwenye nduma au migomba. Fosforasi uliyonunua na isiyoliwa na mwani imo humo. Acha sakafu ipasuke kwa jua, kisha anza upya na chokaa. Safari hii kilo 30 zinaweza kutosha.